Jiwe la Nyongo Kwenye Skani Si Amri ya Kupasuliwa

Altrasaundi imekuwa kipimo cha kawaida Nairobi. Vituo vya picha viko katikati ya jiji na viko Kayole na Kawangware, na vifurushi vya kupimwa mwili mzima vinauzwa kazini na kwenye kambi za afya za makanisa. Mtu anakwenda kuangaliwa figo au uzazi, anatoka na karatasi inayosema kuna mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kabla hajafika nyumbani ameshapewa ushauri wa aina mbili. Mmoja anamwambia akimbilie upasuaji kabla kifuko hakijapasuka. Mwingine anamtumia video ya mafuta ya zeituni na maji ya ndimu, akimhakikishia kwamba mawe yatatoka chooni usiku huohuo.

Washauri hawa wawili wanapingana, lakini wamekosea mahali pamoja: wote wanaliona jiwe kuwa ndio ugonjwa. Dai la makala hii ni kwamba tiba huamuliwa na kile jiwe linachomfanyia mgonjwa, wala si kuonekana kwake kwenye picha. Jiwe lenyewe ni dalili ya nyongo iliyopoteza uwiano wake, hasa uwiano kati ya asidi za nyongo na kolesteroli. Mtu akiuelewa uwiano huo ataona kwa nini wengi wenye mawe hawahitaji kutibiwa kabisa, kwa nini wachache wanahitaji kisu bila kucheleweshwa, na kwa nini mafuta ya zeituni hayawezi kuwasaidia wala hawa wala wale.

Ini la mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita nzima ya nyongo kwa siku. Kifuko kilichojibanza chini yake upande wa kulia hubeba mililita 30 hadi 50 tu, na kinatosha kwa sababu hunyonya maji na kubakisha nyongo iliyokolea. Kazi kubwa ndani ya nyongo hiyo hufanywa na asidi za nyongo, ambazo ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli. Kila molekuli ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, kwa hivyo huyavunja mafuta ya chakula kuwa matone madogo, jinsi sabuni inavyofanya kwenye sufuria iliyopikiwa nyama, ndipo vimeng'enya vya kongosho vikapata pa kushika. Mwili huzitunza mno asidi hizi. Zote kwa jumla ni gramu 2 hadi 4 hivi, na akiba hiyo ndogo huzunguka mara kadhaa kila siku: humwagwa utumboni mtu anapokula, karibu asilimia 95 hunyonywa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba, hurudi kwenye ini kupitia damu, kisha hutumwa tena. Nusu gramu hivi inayopotea chooni hutengenezwa upya, na hiyo ni mojawapo ya njia kuu ambazo mwili huondolea kolesteroli.

Kolesteroli yenyewe haiyeyuki katika maji. Hubaki imeyeyuka ndani ya nyongo kwa sababu imezungukwa na asidi za nyongo pamoja na lesithini, aina nyingine ya mafuta iliyomo kwenye nyongo. Mwaka 1968, Admirand na Small wa Marekani walionyesha kwamba vitu hivyo vitatu vina mpaka: kolesteroli ikizidi kiasi ambacho viwili vingine vinaweza kubeba, huanza kuganda kuwa fuwele. Fuwele hunaswa kwenye ute wa kifuko, ute ukawa tope, tope likawa jiwe. Mpaka huo huvukwa kwa njia nyingi. Unene na ukinzani wa insulini huongeza kolesteroli inayomwagwa kwenye nyongo. Homoni ya estrojeni hufanya vivyo hivyo, na wakati wa ujauzito projesteroni hukilegeza kifuko kisijikamue vizuri, ndiyo maana wanawake hupata mawe kuliko wanaume, hasa waliozaa mara kadhaa. Maradhi yanayoharibu mwisho wa utumbo mwembamba, au upasuaji wa kuukata, huzifanya asidi za nyongo zipotee, zikabaki chache mno kuishika kolesteroli. Kukaa na njaa muda mrefu nako huchangia, kwa sababu bila mafuta na protini kuingia utumboni hakuna ishara ya kukikamua kifuko, na nyongo hubaki imetuama.

Si mawe yote ni ya kolesteroli, na jambo hili halipewi uzito wa kutosha katika nchi yenye selimundu. Mtoto wa familia inayotoka Kisumu au Busia, mwenye chembe nyekundu zinazovunjika mfululizo, hujaza nyongo yake bilirubini, rangi ya manjano inayobaki chembe hizo zinapovunjika, na matokeo yake ni mawe meusi ambayo hayahusiani na mafuta anayokula. Kumnyima mtoto huyo mayai na maziwa ni kumwongezea shida bila faida. Kisha kuna seftriaksoni, dawa inayochomwa sana katika wodi zetu. Huweza kuganda na kalsiamu ndani ya kifuko na kuonekana kwenye skani kama mawe au tope. Mara nyingi huisha yenyewe wiki chache baada ya dawa kusimamishwa. Anayesoma picha bila kuuliza mgonjwa ametoka kutibiwa nini anaweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji wa kitu ambacho kingetoweka kabla ya mwisho wa mwezi.

Tuje kwenye maumivu, kwa maana hapo ndipo uamuzi ulipo. Maumivu ya nyongo yana tabia yake. Hushika chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo, mara nyingi usiku au baada ya mlo mzito, hupanda kwa muda mfupi kisha hubaki palepale bila kupungua kwa zaidi ya nusu saa, pengine saa kadhaa, na huenda hadi mgongoni au kwenye bega la kulia. Mgonjwa hutapika, hugeukageuka kitandani, hapati mkao wa kumtuliza, wala haja kubwa au dawa ya asidi haimpi nafuu. Halafu maumivu huisha, na huenda yasirudi kwa wiki au miezi. Kujaa gesi, kiungulia, kucheua, au tumbo kuvimba kila baada ya chakula si dalili za jiwe, hata kama jiwe liko. Hapa Nairobi makosa hutokea pande zote mbili. Karibu kila maumivu ya tumbo la juu huitwa alsa, yaani vidonda vya tumbo, kwa hivyo mwenye maumivu halisi ya nyongo anaweza kumeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, miaka na mikaka. Naye mwenye kiungulia anaonyeshwa jiwe kwenye picha, anaambiwa hilo ndilo linalomtesa.

Kosa hili la pili lina gharama iliyopimwa. Mwaka 2019 kulichapishwa jaribio la Uholanzi lililofuatilia wagonjwa wenye mawe na maumivu ya tumbo. Mwaka mmoja baadaye, wasiokuwa na maumivu yoyote walikuwa asilimia 60 katika kundi lililotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa madaktari, na asilimia 56 katika kundi ambalo walipasuliwa wale tu waliotimiza vigezo vikali vya maumivu ya nyongo. Kwa maneno mengine, takriban wanne kati ya kumi waliendelea kuumwa, kwa njia yoyote ile iliyotumika. Upasuaji hauwezi kuondoa maumivu ambayo hayakuletwa na nyongo, na hakuna fundi wa kisu, awe hodari vipi, atakayebadilisha hilo.

Wanaotaka kila mwenye mawe apasuliwe wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Wanasema jiwe ni hatari iliyolala, na kwamba ni heri upasuaji wa kupangwa kuliko wa dharura usiku wa manane, hasa kwa mtu anayesafiri kwenda mashambani mbali na hospitali kubwa. Wasiwasi huo ni wa haki. Lakini tuupime. Kati ya watu wenye mawe yasiyo na dalili, asilimia 2 hivi kwa mwaka ndio huanza kuumwa, kiwango hicho huelekea kushuka kadiri miaka inavyopita, na wengi wao huanza na maumivu ya kawaida kabla ya kupata madhara makubwa. Maana yake jiwe kwa kawaida hutoa onyo. Upande wa pili wa mizani, upasuaji wa kamera una hatari ndogo lakini nzito: mrija mkuu wa nyongo hujeruhiwa kwa takriban watu 3 hadi 5 katika kila 1,000, na jeraha hilo linaweza kumgharimu mtu oparesheni nyingine na miaka ya maradhi ya ini. Kwa mwenye maumivu, hatari hiyo inalipa. Kwa asiye na dalili yoyote, tunamchukulia mtu asiyeumwa hatari ya leo ili kumkinga na jambo ambalo pengine halitatokea maishani mwake. Hata kisukari, ambacho zamani kilitosha kuwa sababu ya kupasua mapema, hakihesabiwi hivyo tena peke yake.

Wako wasio na maumivu ambao bado wanastahili kuzungumza na daktari wa upasuaji: mwenye jiwe linalozidi sentimita 3, mwenye ukuta wa kifuko uliojaa kalsiamu, na mwenye kinyama kilichoota ndani ya kifuko cha milimita 10 au zaidi. Kwa hawa, hofu ya saratani ina msingi. Mwenye selimundu naye huangaliwa kivyake, maana maumivu ya tumbo ya ugonjwa wake na yale ya nyongo huchanganyika hata mbele ya macho yenye uzoefu.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosambaa zaidi, nayo ni ya kusafisha kifuko kwa mafuta. Kwa kawaida mtu hunywa juisi ya tufaha siku nzima bila kula, jioni hunywa chumvi ya Epsom, kisha glasi za mafuta ya zeituni na maji ya ndimu. Asubuhi huona chooni vidonge laini vya kijani, na kuona huko ndiko kunakomshawishi. Madaktari wa New Zealand walivichunguza vidonge kama hivyo, na ripoti yao ikatoka katika jarida la The Lancet mwaka 2005. Mwanamke wa miaka 40 alikuwa amekunywa mililita 600 za mafuta na 300 za maji ya ndimu. Vidonge alivyoleta havikuwa na kolesteroli, bilirubini wala kalsiamu. Asilimia 75 yake ilikuwa asidi za mafuta, na viliyeyuka vilipopashwa moto hadi nyuzi 40. Vilikuwa sabuni iliyotengenezwa tumboni mwake kutokana na mafuta aliyokunywa. Kolesteroli halisi huhitaji nyuzi karibu 150 ili iyeyuke. Tena kuna vipimo vya mrija: mrija mkuu wa nyongo kwa kawaida una upana usiozidi milimita 6 hivi, na ule wa kifuko ni mwembamba zaidi. Jiwe la sentimita 2 haliwezi kupita humo kimyakimya mtu akiwa amelala usingizi.

Wapo watakaosema hata kama si mawe, mafuta hayana madhara. Hapana. Mafuta mengi kwa mpigo ndiyo ishara kali kuliko zote ya kukikamua kifuko, na chumvi ya Epsom huongeza ishara hiyohiyo. Jiwe dogo likisukumwa kwenye mrija linaweza kukwama na kuziba nyongo, au kuziba tundu ambalo kongosho nalo hulitumia, na kongosho lililowaka linaweza kuua. Mwenye figo dhaifu ana hatari ya ziada ya magnesiamu iliyo katika chumvi hiyo kumjaa mwilini. Anayeuza pakiti hizi kwa watu wanaoumwa anawapotezea siku ambazo baadhi yao hawana.

Ipo dawa inayoyeyusha mawe kweli, nayo ni asidi ya nyongo: ursodioli. Inapunguza kolesteroli inayoingia kwenye nyongo na kuirudisha ndani ya mpaka ule wa Admirand na Small. Kipimo ni miligramu 8 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani mtu wa kilo 70 anahitaji takriban vidonge viwili vya miligramu 300. Lakini masharti yake ni magumu. Mawe yawe ya kolesteroli bila kalsiamu, madogo, afadhali chini ya milimita 5 na yasizidi 10. Kifuko kiwe bado kinajikamua. Na mgonjwa ameze dawa miezi 6 hadi 24 bila kukatiza. Hata hapo, karibu nusu ya waliofaulu hupata mawe tena ndani ya miaka 5, kwa kuwa nyongo iliyoyazaa ni ileile. Kwa mawe meusi ya selimundu haifai kitu. Kumwandikia mtu mwenye jiwe la sentimita 2 dozi ya mwezi mmoja ni kumtoza pesa bure, na ningependa mgonjwa anayeandikiwa hivyo aulize waziwazi jiwe lake lina milimita ngapi.

Mahali ambapo ursodioli ina faida iliyo wazi ni pale ambapo wengi hawaifikirii: kupunguza uzito kwa kasi. Mafuta ya mwili yanapoyeyuka haraka, kolesteroli humiminika kwenye nyongo, na wakati huohuo mtu hali vya kutosha kukikamua kifuko. Hatari hupanda sana kupungua kukizidi kilo moja na nusu kwa wiki. Kwa sindano za semaglutidi za kupunguza uzito, ambazo sasa zinatafutwa na wakazi wengi wa Nairobi, jaribio kubwa la awali lilionyesha matatizo ya nyongo kwa asilimia 2.6 ya waliotumia dawa dhidi ya asilimia 1.2 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Hiyo si sababu ya kumnyima mnene dawa inayomfaa. Ni sababu ya kumwambia mapema maumivu ya nyongo yanafananaje, kutopandisha dozi kwa pupa, na kutoacha kabisa mafuta kwenye mlo. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza ukubwa wa tumbo la chakula, ursodioli ya miligramu 500 hadi 600 kwa siku kwa miezi 6 hutolewa kama kinga.

Sasa wale ambao jiwe limeshawaumiza. Mwenye maumivu ya nyongo yasiyo na madhara mengine bado ana nafasi ya kuchagua. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023 liliona kwamba baada ya miezi 18 hali ya walioahirisha upasuaji haikuwa mbaya kuliko ya waliopangiwa, na ni robo tu ya walioahirisha waliokuwa wameishia kupasuliwa. Lakini nafasi hiyo hufungwa pindi madhara yanapotokea. Maumivu yakizidi saa sita pamoja na homa, kifuko kimewaka, na kukitoa ndani ya siku chache za mwanzo ni bora kuliko kumrudisha mtu nyumbani angoje wiki sita. Macho yakiwa manjano, mkojo mweusi, na mwili ukitetemeka kwa homa, mrija mkuu umeziba na kuambukizwa. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Na ambaye kongosho lake limewaka kwa kiwango kidogo kwa sababu ya mawe asiruhusiwe kutoka hospitali na kifuko chake. Jaribio jingine la Uholanzi, la mwaka 2015, lilionyesha kwamba waliopasuliwa kabla ya kuruhusiwa walirudi hospitali au kufariki kwa matatizo ya mawe kwa asilimia 5, na waliopangiwa baadaye kwa asilimia 17. Tukiwajaza kwenye orodha ya upasuaji watu wasio na dalili, hawa ndio wanaosukumwa nyuma, na kwangu hilo ndilo lenye uzito kuliko yote.

Anayekwenda kupasuliwa kwa kamera ana haki ya kujua kinachofanyika. Matundu manne madogo, tumbo kujazwa gesi ya kaboni dioksidi, na kabla ya kukatwa chochote daktari aone wazi vitu viwili tu vinavyoingia kwenye kifuko: mrija wake na mshipa wake wa damu. Pale uvimbe unapoficha mwonekano huo, daktari anayeamua kufungua tumbo au kuacha sehemu ya kifuko hajashindwa kazi. Ameulinda mrija mkuu. Baada ya hapo nyongo hutiririka utumboni polepole wakati wote. Wengi hula kama zamani. Baadhi huharisha, kwa sababu asidi za nyongo zinazofika utumbo mpana huvuta maji, na ipo dawa ya kuzinasa iitwayo kolestiramini. Anayeharisha wiki kadhaa baada ya oparesheni arudi aseme, asiambiwe ni amiba kwa mara ya tatu.

Kwa vituo vya picha, marekebisho yanayohitajika si ya gharama. Mgonjwa afunge saa sita hadi nane kabla ya kipimo. Alazwe pia kwa ubavu wa kushoto, ili anayepima aone kama kitu kinachong'aa na kutupa kivuli nyuma yake kinasogea, kwa kuwa jiwe husogea na kinyama hakisogei. Ripoti itaje ukubwa wa jiwe kubwa kuliko yote, kama ukuta wa kifuko umezidi milimita 3, kama kuna jiwe lililokwama shingoni, na upana wa mrija mkuu. Karatasi isemayo tu "mawe mengi, muone daktari wa upasuaji" haijamwambia mtu kama yuko katika kundi la kungoja au la kukimbia. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya afya ya Kenya, Oktoba 2024, ina nafasi ya kudai maelezo hayo kabla ya kulipia upasuaji wa kupangwa, pamoja na sentensi moja kutoka kwa daktari: maumivu yalianza lini, yalikaa saa ngapi, na yalikuwa wapi.